Oili Bado Nyekundu

ISMAIL: Haloo? Ni nani?

MATAR: Ni mie, Ismail. Ami yako Matar.

ISMAIL: Shikamoo, ami.

MATAR: Marahaba, baba. Sikiliza, na haya nnayokwambia wallahi ni kweli tupu, sikutia hata chumvi—

ISMAIL: Uko wapi? Baba keshaoshwa, keshavikwa sanda. Anasaliwa adhuhuri. Nduguye tu ndo haonekani.

MATAR: Ndo hilo nnalokupigia. Nimekwama Kiwengwa. Giaboksi imepata moto.

ISMAIL: [pazia linavutwa]

MATAR: Haloo? Ismail?

ISMAIL: Nipo.

MATAR: Weye ndo fundi wetu. Nambie nifanye nini.

ISMAIL: Fundi, leo... Haya. Umejuaje kama ni giaboksi?

MATAR: Taa imewaka, ile ya manjano. Na harufu, kama mtu kaunguza sufuria.

ISMAIL: Mshale wa joto la injini?

MATAR: Uko katikati, umetulia.

ISMAIL: Na Kiwengwa umefuata nini siku ya leo?

MATAR: Hapo sasa! Basi la watalii limezama mchangani, Wataliana wanalia, dereva kanishika miguu. Nikalifunga nyuma ya kigari changu, nikalivuta mpaka kwenye lami. Basi zima, Ismail! Wakapiga makofi, bibi mmoja akataka kunioa—

ISMAIL: Ulilifunga kwa kamba gani?

MATAR: Kamba ya... ya mwani. Walinipa kina mama wa pwani.

ISMAIL: Kamba ya mwani, ule uzi.

MATAR: Nilizisokota mbili.

ISMAIL: Ngoja kidogo, ami. — Bi Muzdalifa! Udi umo kabatini, chumba cha mama. — Haya. Tia P, injini iwache iungurume. Shuka ufungue boneti.

MATAR: Haiwezekani bila ya kushuka?

ISMAIL: Kijiti cha oili kimo chini ya boneti, hakimo kwenye kiti.

MATAR: Jua kali, mwanangu.

ISMAIL: Ami.

MATAR: Haya, haya... [mtandao unakwaruza] ...nshafungua.

ISMAIL: Vuta kijiti. Si cha injini, kile cha nyuma. Kifute, kitie, kivute tena.

MATAR: Uuu! Moto huu!

ISMAIL: Rangi gani?

MATAR: Nyekundu.

ISMAIL: Si kahawia? Si nyeusi?

MATAR: Nyekundu kama sharubati. Inanuka kidogo tu.

ISMAIL: Njiani ilikuwa ikiteleza? Injini inapiga kelele na gari haivuti?

MATAR: La, imekuja vizuri tu.

ISMAIL: Imekuja?

MATAR: Imekwenda. Nimesema imekwenda.

ISMAIL: Giaboksi iliyovuta basi mchangani oili yake ingekuwa nyeusi. Hii haikuvuta kitu, ami. Hii imesimama. Imetiwa D, mtu kakanyaga breki, kiyoyozi kinapiga. Oili inakorogwa tu, na upepo haupiti wa kuipoza. Mtu anataka kuondoka, haondoki.

MATAR: Weye uko huko nyumbani Chukwani, utajuaje?

ISMAIL: Mie niko dirishani. Pale kwenye ukuta wa jirani, Bi Indumati, ipo gari ya kijivu, boneti wazi.

MATAR: Gari za kijivu ziko nyingi Chukwani.

ISMAIL: Na mzee kashika kijiti cha oili.

MATAR: Nimefika tangu asubuhi.

ISMAIL: Sasa mbona huingii?

MATAR: Kila msiba mie ndo mwenye kuwachekesha. Wakiniona tu wanajiweka sawa, wanangojea. Leo hamna, Ismail. Nimetafuta, hamna kitu. Hata kulia hamna.

ISMAIL: Hata mie. Nimemuosha baba kama nnaosha injini.

MATAR: Ndo nikajaribu hili la basi.

ISMAIL: Lilikuwa baya.

MATAR: Baya, eeh?

ISMAIL: Sana.

MATAR: Mansour, babako, angecheka.

ISMAIL: Angecheka. Ami, wa kushuka kaburini tuko wawili, mie na ndugu yangu Anwar. Upande wa kichwa hauna mtu. Mama kakataa kutiwa mwengine, anakungoja weye.

MATAR: Magoti yangu, baba, unayajua—

ISMAIL: Asubuhi nzima yamekanyaga breki.

MATAR: [mtandao unakwaruza] ...mie.

ISMAIL: Sikukusikia!

MATAR: Ntashuka mie. Kichwa ntashika mie.

ISMAIL: Basi, zima gari. Wanafungua mlango, wanamtoa—

MATAR: Ngoja, salio linakwisha, nifunge kwanza hii bon—

ISMAIL: Iwache wazi, ipoe. Njoo.