Jino la Binti wa Fundi Saa

Kwa wiki mbili benchi letu, nje ya duka la Fundi Saa, limekuwa idara ya meno. Binti yake wa miaka kumi na mitatu ana jino la chonge lililokataa kuota. Limelala ndani ya ufizi, na kwenye eksirei ya kawaida linaonekana limekalia mzizi wa jino la mbele. Daktari alisema huenda limeshautafuna, na la mbele litang'olewa. Akaagiza picha ya pande tatu, inayoonyesha na kina. Sisi hatukuisubiri, kila asubuhi tuliinua eksirei juani tukatoa hukumu. Leo Fundi amekwenda peke yake kuchukua majibu.

— Ni simu hizi, alisema Seremala. Mtoto kutwa kainama, na jino linafuata kichwa. Linaelekea chini.

— La juu hilo, bwana, akasema Karani mstaafu. Chini ndiko tunakolitaka.

— Basi limepanda. Litatokea puani.

— Jichoni, Dereva akasahihisha. Nilimbeba abiria mmoja, jino lilimtokea hapa. Akikonyeza, anang'ata.

— Ulimwona?

— Alikaa kiti cha nyuma.

Fundi akatokea, anahema.

— Limelala upande wa kaakaa! Nyuma ya mizizi, halijagusa hata mmoja. Yote mizima!

Dereva alipiga benchi, vikombe vikaruka. Karani alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

— Mbona sisi tuliliona juu ya mzizi? akauliza Seremala.

— Tuliona kivuli. Itazame saa kwa mbele: magurudumu mawili utadhani yamepandana, kumbe moja liko chini kabisa. Picha hii mpya daktari anaigeuza kwenye kompyuta kama mimi ninavyogeuza saa mkononi. Watafungua nafasi kwa waya, wapasue ufizi kidogo, wabandike mnyororo mdogo kwenye jino, walivute taratibu hadi mahali pake. Mwaka na ushee.

— Fomu je? Karani hakuweza kujizuia.

— Ya kuombea picha ilikuwa na swali la nne: “Taja mahali jino lilipo.” Nikamwambia wa dirishani, ndilo nililokuja kuuliza. Akasema pasipojazwa, hapigwi mtu picha.

— Ukajaza nini?

— “Mdomoni.”

— Safi kabisa, alisema Karani kwa heshima.

Tukacheka kama watu waliotuliwa mzigo. Mama mmoja aliyeleta saa yake, mgeni kwetu, akauliza:

— Na binti mwenyewe amepokeaje?

Benchi zima likamgeukia Fundi. Fundi akaitazama barabara. Kutoka hospitali hadi hapa unapita mlangoni kwake, na humo ndani yuko mtu aliyezoea kucheka kiganja kikiwa mdomoni.

— Jamani, nimempita!

Akaacha duka wazi, akatoka mbio. Hatukuwahi kumwona akikimbia. Punde, kutoka nyumba ya tatu, kikaja kicheko kirefu, cha wazi, kisicho na kiganja mbele yake.

Karani akaivuta kahawa ya Fundi iliyokuwa ikipoa benchini.

— Imethibitishwa, akasema, akanywa.