Khanga Isiyofuliwa

Wajukuu zangu, kitu gani huingia chumbani bila kufungua mlango? Mkisema harufu, mmepata. Juzi nilikuwa kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, nyuma ya mama mmoja wa Pasiansi na mzee mfugaji, wasiojuana kabisa. Yule mama alikumbatia ndoo ndogo yenye mfuniko.

"Humu mna khanga ya marehemu mama," alisema. "Sijaifua tangu tumzike. Ng'ombe wake anampiga teke kila anayemkamua, na kaka anataka kumuuza Jumamosi."

"Mbona dawa unayo, binti yangu? Jifunge hiyo khanga ukamkamue. Akinusa tu, maziwa yatashuka."

"Najua, baba. Lakini nikiingia nayo zizini itanuka ng'ombe. Mama nitamnusa wapi tena?"

"Hata ng'ombe anamtafuta."

"Si ana majani yake!"

"Basi mkatie kipande."

"Nimkate mama?"

Mimi nikajifanya naangalia maji.

Honi ilipolia, yule mama akafunua mfuniko kidogo. "Pua yangu imeshazoea, siku hizi sisikii kitu. Hebu nusa wewe, baba, uniambie kama bado yupo."

Mzee akavua kofia, akainama. "Moshi wa kuni," akasema polepole. "Na samli."

"Ndiye huyo," akasema yule mama, akafunika haraka.

Kivuko kikagota ukingoni. Watu tukateremka, yeye bado ameketi, mikono yote miwili juu ya mfuniko.