Siku Mangi Alipowashikia Wanafunzi Duka

Kijiwe changu ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, hapa Mwankoko, ubavuni mwa mashine ya kusaga. Mawe tuliyakuta, ubao nimenunua mwenyewe, kwa hiyo anayeukalia anywe kahawa au aondoke. Mimi wananiita Bibi, na wateja wangu wa kila asubuhi ni watatu. Isaka wa bodaboda tunamwita Breki, kwa sababu hana. Chediel fundi baiskeli anajiita Injinia, nasi tumechoka kubisha. Wa tatu ni Alphonce, mwenye duka lile la mlango wa bluu ng'ambo ya barabara. Ni Mnyaturu kama mimi, ila alipofungua duka tu watu wakamwita Mangi kama Mchaga. Sasa wanafunzi wa chuo hapo juu wamefungua duka lao ndani ya geti, huu mwezi wa pili, na Mangi usingizi umemhama. Juzi wateja wake walipita mlangoni kwake bila hata kugeuza shingo. Jana akaenda huko kuchungulia. Leo kaja na uso wa mtu aliyenyimwa nyama msibani.

Breki: Haya, shushushu, toa ripoti.

Mangi: Lile si duka, ni wendawazimu. Wanauza kamba ya kiatu moja.

Injinia: Jozi moja?

Mangi: Kamba moja! Ya mguu mmoja! Sabuni wanakata nusu. Pasi wanakodisha. Mayai wameyaandika majina.

Breki: Ya wateja?

Mangi: Ya kuku. Kwa penseli kabisa: "Martha, Jumatatu."

Injinia: Martha mke wangu?

Mangi: Kuku, Injinia! Kuna kijana anafuga nyuma ya bweni, kila kuku kampa jina. Mama mmoja kakataa yai la Dina mbele yangu, anataka la Martha tu.

Mimi nafuga kuku tangu sijaolewa, na hakuna aliyewahi kuniomba yai kwa jina. Nikachochea jiko kwa nguvu kidogo.

Bibi: Na mlangoni nasikia wameandika kitu.

Mangi: Saa za kufungua, Bibi! Kama zahanati! Kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Mwenye shida si atabisha hodi? Maringo tu.

Breki: Mimi nasema kuna dawa. Haiwezekani Mwalimu Lucy apite duka lako, apande kilima na jua lile, kisa nusu sabuni. Wamefukia kitu getini. Hata pikipiki yangu huzima palepale.

Bibi: Inazima kila mahali, Breki.

Injinia: Siyo dawa. Ni somo. Pale wanasomea akili za watu. Mangi, ulivyoingia walikwambia nini?

Mangi: Waliniamkia. Wakanipa kigoda. Wakaniuliza nimeamkaje.

Injinia: Umeona! Wamekupima! Dukani mtu anaulizwa kaamkaje? Ukijibu tu, wanaandika. Mtaa mzima huu tumo kwenye daftari. Mwisho wa mwaka wanapewa digrii kwa ujinga wetu.

Breki: Halafu wanachukua viwanja.

Injinia: Viwanja kitu gani? Wanachukua ziwa! Wameanza na nusu sabuni, watamaliza na Singidani. Mtauziwa maji ya ziwa nusu chupa, yameandikwa "Jumatatu."

Mangi: Sema, Injinia. Sema tena.

Alikuwa anayanywa yale maneno kuliko kahawa yangu. Ndipo Breki, ambaye mdomo wake nao hauna breki, akakumbuka kitu.

Breki: Ila Mangi, jana saa nne nilimpeleka abiria chuoni. Nilikuona nyuma ya kaunta yao. Umevaa aproni.

Mangi: Nani?

Breki: Wewe. Aproni ya kijani, ina mfuko mbele.

Bibi: Alphonce.

Mangi: Sasa Bibi, ningefanyaje? Kile kijana, Raymond, kilikuwa peke yake. Kengele ya mtihani ikalia. Kinaniambia, "Mzee wetu, tushikie duka, saa moja tu." Sijafungua mdomo, kimeshakimbia. Ningeacha duka la watu wazi?

Injinia: La adui! Ungeacha!

Mangi: Foleni ilishafika nje.

Bibi: Ukauza.

Mangi: Nikauza.

Injinia: Angalau uliwapunja?

Mangi akatazama kikombe chake kana kwamba kuna mtu humo ndani.

Mangi: Niliwaongeza. Mwalimu Lucy nilimkatia sabuni ikazidi nusu. Akacheka. Bibi, yule mama miaka sita kanunua kwangu sijawahi kuona meno yake! Akaniambia, "Kumbe umehamia huku? Hongera."

Breki: Ukamjibu nini?

Mangi: Asante.

Injinia akajishika kichwa. Breki akacheka mpaka kashata ikamtoka mdomoni. Na mimi sifichi, iliniuma. Huyu Alphonce miaka yote hiyo anakalia ubao wangu tangu kukicha, hajawahi kunishikia hata birika.

Tukiwa hapo akatokea binti na begi la madaftari mgongoni, ndoo tupu mkononi.

Binti: Shikamooni.

Bibi: Marahaba. Wa wapi wewe?

Binti: Naitwa Eliana, Bibi, natoka duka la chuo. Chumvi imetuishia, nikasema nije nichukue pale kwenye mlango wa bluu. Nimebisha hodi mpaka mkono unauma.

Breki: Mmefuata chumvi kwetu? Ninyi?

Eliana: Ndiyo. Tangu zamani tulikuwa tunanunua pale. Ila kila tukija asubuhi kumefungwa, ndiyo tukaona tufungue letu. Samahani, lile duka huwa linafunguliwa saa ngapi?

Injinia akaanza kukagua spoku za baiskeli isiyo yake. Breki akaita abiria ambaye hayupo. Mwenye duka mwenyewe, kikombe kilimsimama njiani kwenda mdomoni. Jua lilishapanda juu ya paa la mashine.

Mimi jibu nilikuwa nalo. Nimelijua miaka sita, na nimelinywesha kahawa mwenyewe kila asubuhi.

Nikainua birika. Lilikuwa zito bado, lina vikombe kama kumi. Nikalimimina lote mchangani, mbele ya miguu yao.

Bibi: Kahawa imekwisha, Alphonce. Mpe mtoto chumvi.