Mzee Mizani na Siku ya Kumi na Moja

Wazee wangu shikamooni, mwenyekiti wa mtaa, wazee wa mandir, hekalu la Kihindu, mliotoka mjini, majirani na wafiwa wenzangu, poleni sana. Mimi ni Demetria, mke wa Jignesh, mtoto pekee wa marehemu, na nasoma mimi kwa sababu mume wangu ndiye atakayewasha moto na ameshanyolewa kichwa kwa ajili hiyo, naye amesema akijaribu kusoma hatafika mstari wa pili. Kwa Wahindu kusoma historia si desturi, lakini mwenyekiti amesema hapa Tabata hatoki mtu bila kusomewa, awe wa kuzikwa awe wa kuchomwa, wazee wa mandir nao wamenipa dakika kumi, kwa hiyo nitasoma nilichoandika na sitampamba mtu.

Marehemu Keshavlal Premji Mistri alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 huko Korogwe, mkoani Tanga, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Premji, seremala wa shamba la mkonge, na Bi Jamnaben, alisoma shule ya msingi hapohapo Korogwe kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari Tanga mjini hadi mwaka 1968, akaacha masomo baba yake alipofariki.

Januari 1969 alikuja Dar es Salaam, akajifunza ufundi wa mizani kwa mjomba wake Kariakoo, na Julai 1983 akafungua karakana yake hapa Tabata, ambako kwa miaka arobaini na mmoja alitengeneza mizani za wenye maduka, za mabucha na za kliniki za watoto, jina la Keshavlal likawashinda watu wakamwita Mzee Mizani, naye akaitika. Mizani ikipungukiwa hata gramu tano hakuirudisha kwa mwenyewe, mteja alie, aape, anaambiwa njoo kesho. Mizani za mabucha hazikuingia ndani kabla Mbwana, fundi mwenzake, hajazimwagia maji ya moto nje mara tatu, kwa sababu marehemu hakula nyama, samaki wala yai maisha yake yote, na wauza nyama wa Tabata walilijua sharti hilo, walinung'unika na walirudi.

Tarehe 22 Februari 1981 alifunga ndoa huko Tanga na Bi Kanta, wakakaa miaka mitano bila mtoto, na tarehe 9 Novemba 1986, katika hospitali ya Mwananyamala, akazaliwa Jignesh, mtoto wa miezi saba, kilo moja na gramu mia mbili. Marehemu, ambaye uzito ndio uliokuwa kazi yake, hakuhitaji kuelezwa na mtu maana ya namba hiyo. Siku hiyohiyo aliweka nadhiri kwamba mtoto akipona, yeye atafunga kila Ekadashi mpaka kufa, yaani siku ya kumi na moja ya mwezi unapokua na ya kumi na moja unapopungua, mara ishirini na nne kwa mwaka, bila chakula chochote, kwa maji matupu, mpaka jua la siku ya pili. Mtoto alipona, mnamwona hapo alivyo na tumbo, na baba yake akaanza kufunga, na Bi Mwajabu jirani yetu akawa anasema mzee huyu ana Ramadhani mbili kila mwezi na wala haombi futari.

Mimi niliolewa katika nyumba hii tarehe 18 Agosti 2012, nikitokea Ubungo, ambako nafundisha jiografia sekondari, na nilipokelewa kwa heshima zote isipokuwa moja, kwamba marehemu hakula nilichopika wala hakunywa maji niliyoyachota. Hakunitukana, hakuninunia, binti yetu Blessing alipozaliwa mwaka 2014 alimbeba mgongoni mpaka karakana, aliniita Mwalimu nami nikimwita Bapuji, yaani baba, lakini jiko lake lilikuwa lake na langu langu, kwa sababu mimi nakula nyama na si wa kabila lake, na hiyo ndiyo ilikuwa sheria aliyokulia. Bi Kanta alipofariki tarehe 3 Juni 2016 nilidhani sheria italegea. Haikulegea, mzee wa miaka sitini na mitano akajifunza kukanda unga wa chapati, akaunguza vidole, na chakula changu kiko mezani kimefunikwa. Iliniuma, jamani, nisiseme uongo mbele ya maiti.

Sasa nafika mahali nilipokosea mimi. Jumapili moja ya Oktoba 2018, nikiwa na hasira zangu kwa sababu alikuwa amerudisha bakuli la uji bila kulifunua, nilisimama mbele ya kalenda aliyotumiwa kila mwaka na binamu yake wa Rajkot, India, ambayo ndiyo ilimpangia siku za kufunga, nikaona imeandikwa saa za jua kuchomoza huko. Kwao siku ya kumi na moja hutambuliwa kwa hali ya mwezi pale jua linapochomoza mahali mfungaji alipo, na jua la Rajkot linatangulia la Dar es Salaam kwa saa mbili na dakika kadhaa, mtoto wa kidato cha pili angeiona, kwamba iko miezi ambayo siku hiyo ya mwezi inaisha baada ya jua kuchomoza kule na kabla halijachomoza hapa, wao wako sawa na sisi tulitakiwa kufunga jana yake. Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia, tena nilimwambia kwa kumkomoa, kwamba Bapuji amekuwa akifunga kwa jua la watu wengine. Ulimi hauna mfupa.

Siku nne hakufungua karakana, siku ya tano akaniwekea mezani kalenda zote tangu 1986, akaniomba nihesabu. Nilihesabu kwa simu na daftari wiki mbili nzima, tukapata siku sabini na moja alizofunga kwa makosa. Maharaj, kuhani wa mandir, alimwambia kwa Mungu nia inatosha, marehemu akamjibu kwamba hajawahi kupitisha mizani kwa nia. Kuanzia Januari 2019 akaanza kuzilipa siku hizo, moja kila Jumatatu, juu ya zile za kawaida, akiwa na kisukari ambacho sote tulikijua, na Februari 2020 Mbwana alimkuta ameanguka chini ya meza ya kazi, zikiwa zimebaki kumi na tatu. Alipotoka hospitali alizimaliza. Tangu hapo kila Desemba mimi ndiye niliyemtengenezea kalenda ya Dar es Salaam, kwa hiyo mtu ambaye hakupokea kikombe cha maji mkononi mwangu aliamka na kula kwa ratiba yangu, na hilo tulilichekea wote wawili, kila mtu kwenye jiko lake.

Tarehe 11 Machi 2024 Daktari Elibariki alimwambia figo zimechoka, anachoma sindano za sukari, akifunga tena kwa maji matupu atakufa katikati ya mfungo, akamkataza. Nilikuwepo chumbani, na alichoogopa hakikuwa kufa, kilikuwa kufa na nadhiri ya mtoto haijatimia. Sheria yao inaruhusu mgonjwa kufungiwa na mtu wa nyumba yake, lakini Jignesh anaendesha lori la mizigo mpaka Tunduma, akasema ukweli kwamba hawezi kushika usukani na njaa, nikasema basi nitafunga mimi. Marehemu aliinamisha kichwa, akasema mtu wa nyumba ni yule mnayekula chungu kimoja, na mimi na yeye hatuli. Alilisema kwa upole, kama mtu anayesoma namba kwenye mizani, nami nilikwenda kulia kwenye karo la vyombo.

Jumanne tarehe 19 Machi, siku moja kabla ya mfungo, alikuja kwenye mlango wa jiko langu saa saba mchana, ameshika sahani yake mwenyewe, akauliza Mwalimu umepika nini. Nikamjibu ndizi na maharage, na kwa kuwa sikutaka kumpunja nikamwambia leo sufuria haina nyama ila juzi ilikuwa nayo. Akanyoosha sahani. Alikula kwenye kigoda, ndizi sita, akaniambia chumvi haijakolea, akaosha sahani, akasema kesho utafunga wewe.

Nimefunga mara thelathini na saba. Paroko wangu aliniuliza kama nakunywa maji, nikasema nakunywa, akasema endelea. Marehemu alikula kwangu kila siku tangu hapo, akilalamikia chumvi, na Aprili mwaka huu akaanza kusafishwa damu, akapungua mpaka kilo arobaini na nne, akafariki dunia jana, Jumanne tarehe 16 Septemba 2025, saa tisa alasiri, Mwananyamala, mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe.

Familia inamshukuru Daktari Elibariki na wauguzi wote, inamshukuru Mbwana na mafundi wa karakana, wenye maduka na wenye mabucha waliofunga milango leo asubuhi, maharaj na wazee wa mandir, na majirani, hasa Bi Mwajabu, ambaye alipoambiwa nyumba hii haiwashi jiko mpaka moto wa marehemu uwake, alibeba masufuria yake tangu alfajiri akapika wali na maharage bila kitunguu wala nyama, jambo ambalo amesema hajawahi kulifanya hata kwa harusi ya mwanawe. Wanaume watakwenda na gari, sisi wanawake tutabaki hapa, ndivyo alivyotaka, na tutakula.

Yaani mtakula ninyi. Leo Jumatano, kwa jua la Dar es Salaam, ni siku ya kumi na moja. Maharaj amenieleza kwamba nadhiri huisha na pumzi ya aliyeiweka, kwamba sidaiwi kitu, nami nimemwelewa vizuri. Bi Mwajabu, usininunie sahani yangu ikirudi kama ulivyoileta.

Pumzika, Bapuji, ya leo nimekufungia mimi.