Arudi, au Arudishiwe?

Mchungaji wetu mpendwa; Mheshimiwa Diwani, uliyetujia na mvua kama kawaida yako; wazee wenzangu wa kanisa; Mzee Zuber na Mama Hajira, majirani zetu ambao msikiti wao uko kule chini na sufuria zao ziko hapa zimejaa pilau; ndugu wageni waalikwa na wana-Nkunga wote: Bwana Yesu asifiwe!

Nimepewa dakika tano za kumuaga Mwinjilisti Veronika, anayekwenda Suma kuanzisha kanisa. Mke wangu Agness amenipa tatu. Nitafuata zake, maana huyo ndiye ninayerudi naye nyumbani.

Ndugu zangu, mnamwona dada huyu alivyopendeza? Mnajua kwamba kwa miaka minne hakukanyaga hapa kanisani? Na mnamjua aliyemfungia mlango? Ni mimi, Ezron, mwimba besi wenu, niliyenenepa kwa ndizi zake.

Mwaka ule mumewe alilazwa Mbeya, naye akaenda kumuuguza mpaka siku ya mwisho. Aliporudi na msiba wake, akakuta masale, ile mimea ya mpaka wetu, yamehama hatua saba, na migomba aliyoipanda mama mkwe wake iko upande wangu. Akaniuliza kwa upole, "Baba Lusungu, migomba imetembea?" Nikamjibu, "Mama, udongo wa Rungwe una rutuba, kila kitu kinatembea." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Jumapili iliyofuata nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu.

Na mimi nilifanya nini? Niliimba! Tena kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba nilikuwa wa kwanza kusimama: "Tumwombee dada yetu Veronika aliyepotea, arudi." Na machozi kidogo nilitoa. Mpaka asubuhi moja Agness akanifinya: "Ezron, unaomba arudi, au arudishiwe?"

Mwe! Niliondoka kwenye maombi kabla ya amina. Kanisani niliingia tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Yesu aliingia kwangu asubuhi ile.

Nikachukua jembe, siku ya gulio, watu wakipita, nikaanza kung'oa masale. "Vipi mzee, umeuza shamba?" "Niliiba," nikasema, "narudisha." Jasho lilinitoka, na si la jembe. Veronika alisimama mlangoni mpaka nilipomaliza. Kisha akaja, akapima kwa miguu yake mwenyewe. "Ongeza hatua moja," akasema. Kweli, moja niliisahau! Nilipoinua uso, analia na kucheka, nami hivyo hivyo.

Jumapili akaketi benchi la mbele, ananitazama ninavyoimba. Lakini hakuja kukaa. "Baba Lusungu," akaniuliza, "wangapi wako nje kwa sababu yetu sisi tulio ndani?" Akaanza kupita majumbani. Hakumuuliza mtu kwa nini haji kanisani, aliuliza, "Nani alikukosea?" Kisha akamfuata huyo aliyekosa. Mzee Andongwisye, aliyeapa kwamba hapa ataingizwa akiwa kwenye jeneza, leo ndiye mpiga kengele wetu! Nyumba kumi na moja zimerudi, ndugu zangu, na hakuna hata moja iliyovutwa na besi yangu.

Jana akaniambia, "Jumamosi twende wote Suma. Mimi nitahubiri, wewe utasimulia masale." Nikasema, "Mwinjilisti, hiyo si ni aibu yangu?" Akasema, "Ndiyo. Kule pia wapo wanaoisubiri."

Basi nitakwenda, na jembe nitabeba. Mwinjilisti, pokea mche huu, chipukizi la migomba ya mama mkwe wako, ukaupande mbele ya kanisa jipya. Utamu wake naushuhudia, niliula miaka minne. Shimo nitachimba mimi. Mpaka, pima wewe.

Mungu awabariki, na ndaga fijo, yaani asanteni sana, kwa kumsikiliza mwizi wenu.