Slaidi Aliyoisoma Felisian

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Kornel, mdogo wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya kaka yetu, ambaye mwenyewe aliniachia sharti moja, kwamba nisiliruke kosa lake.

Felisian Alois alizaliwa Muze tarehe 15 Agosti 1948, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1963, msumbufu wa maswali kiasi kwamba baba alikuwa akimtuma kisimani ili apumzike kidogo. Baada ya kozi ya maabara Mbeya, aliajiriwa hospitalini hapa Sumbawanga Januari 1971, na hata enzi ya ruksa, biashara binafsi ziliporuhusiwa na wenzake wakaenda kufungua maabara zao, yeye hakubanduka kwenye hadubini ya serikali. Tarehe 5 Oktoba 1974 alifunga ndoa na Winifrida, wakajaliwa Stanley na Jenifer.

Mwaka 1997 aliota uvimbe unyayoni, akawa anauchonga kwa wembe akidai ni sugu, na mtoki, yaani uvimbe wa tezi za kinena, ulipojitokeza daktari alimtoa sampuli ya seli kwa sindano, naye akaitandaza kwenye slaidi ya kioo, akaipaka rangi na kuisoma mwenyewe. Hakuona weusi wowote, akaandika kwa mkono wake kwamba si melanoma, ile saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi. Coleta, msaidizi wake, hakuridhika, akaomba slaidi nyingine ipelekwe Dar es Salaam, na kaka alinuna siku tatu.

Majibu yalifika Februari 1998, kwamba seli zile, ingawa hazikuwa na weusi, zilikuwa na protini ya seli za rangi, iliyonasa dawa ya kipimo na kugeuka kahawia. Shemeji alilia, lakini kaka, na kwa kweli nilimkasirikia, alitaka kujua dawa inaitambuaje protini moja kati ya maelfu, akatueleza kuwa ng'ombe aliyechanganyika na kundi la jirani hujulikana kwa chapa, si kwa rangi.

Kisha akajiuliza ni wangapi aliowaandikia hivyo. Alipekua daftari la maabara huku mguu ukimuuma, akamkuta Mama Rhoda wa Malangali, ambaye uvimbe wake wa mguuni aliupitisha kuwa wa kawaida, akapelekwa kwake na Stanley kwa baiskeli, akamwambia waziwazi kwamba alikosea. Mama alipimwa upya, protini ikaonekana, akakatwa mguu Juni 1998.

Kaka alifariki nyumbani Kizwite tarehe 9 Februari 1999, saratani ikiwa imefika mapafuni. Tunawashukuru madaktari, majirani, wafanyakazi wenzake, na Coleta, aliyethubutu kumbishia mkubwa wake.

Pumzika kwa amani, kaka, Mama Rhoda amekuja kwa magongo kutoka Malangali, na tumemkalisha mbele.