Chama Hakina Leseni ya Umeme

Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya kreti mbili za soda, nyuma ya ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima, pale njia inapokata kwenda Shieywe. Mwenye kahawa ni mzee Shabani wa Mumias, anayemsalimu kila mteja salamu ndefu na kummiminia kikombe kifupi. Wenyeji ni watatu: Hukumu, karani mstaafu wa mahakama ambaye hajawahi kuhukumu mtu, Waya, fundi redio, kanisani akiitwa Andati, na Breki, mwenye baiskeli ya boda-boda, aliyepewa jina hilo kwa sababu hana. Alhamisi moja ya mwaka wa tisini na saba aliongezeka wa nne, Jescah, mwendesha kompyuta wa chama, ambaye siku zote huwasikia tu kupitia dirishani. Alikuja na barua mkononi, akaketi bila kukaribishwa.

— Isome basi, dada, — alisema Hukumu. — Barua ya serikali haikaliwi.

— Si ya serikali, mzee. Ni ya Katibu wangu. Tumepakana ukuta, lakini ameniandikia.

Akasoma: "Kuhusu ombi lako la pawa saplai. Unafahamishwa kwamba chama hiki kiliandikishwa kwa ajili ya mahindi na maziwa, na hakina leseni ya kusambaza umeme kwa umma. Nakala: kampuni ya umeme, kwa hatua zipasazo."

Breki aliacha kutikisa mguu.

— Wewe Jescah! Unauzia watu stima?

— Niuze ya wapi? Pawa saplai ni kile kisanduku cha nyuma ya kompyuta. Kinapokea umeme wa ukutani, kinaugawia vyombo vya ndani. Chetu ni kidogo, kilitosha tu mashine ilivyokuja. Halafu mwenyekiti akaenda maonyesho ya kilimo, akaona ya wenzake iko na mlango wa sidii, zile santuri ndogo za kung'aa. Kamati ikapitisha na sisi tuwekewe, kwa heshima ya chama. Tangu hapo, kila nikiiambia ihifadhi kazi, vyote vinazunguka pamoja, kisanduku kinalemewa, inazimikanga tii!

— Si mnunue kikubwa?

— Pesa za matengenezo ndizo zilinunua mlango.

Jescah hakusema yaliyobaki, ila wote waliyajua, maana dirisha husikika pande zote mbili. Jumamosi ilikuwa uchaguzi wa chama, na daftari la wapiga kura lilitakiwa kesho saa nane. Kesho hiyo hiyo ndiyo miezi yake sita ya majaribio ingekwisha, na barua ya ajira ilisema ataajiriwa "mashine ikishadhihirisha manufaa." Isipodhihirisha, mashine ingekwenda stoo na yeye angerudi kwao Lumakanda kupukuchua mahindi. Mara tatu alikuwa ameandika majina hadi herufi ya M, na mara tatu yakapotea. Na katika nchi ile, anayefika M hajafika popote. Majina ya W peke yake ni kata nzima.

— Hapo dawa ni betri, — alisema Waya. — Tunaazima ya trekta ya miwa. Ile sidii tunaipa betri yake, kisanduku kinabaki na watoto wake.

— Na trekta itawaka na nini? — aliuliza Breki.

— Trekta itasukumwa. Watu si wako?

Hukumu alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kimahakama.

— Mnakimbilia trekta na ushahidi uko mezani. Madam, ile mashine huwa unaifunika na kitambaa?

— Cha kushona kwa mkono. Alinipa dada yangu Muhonja.

— Kivue! Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Mzee, nikiandika huwa nimeshakivua.

— Basi andika polepole. Vidole kumi kwa mpigo, mashine inashtuka. Mwenda pole hajikwai.

— Majina elfu na mia mbili, mzee, kwa kidole kimoja?

— Sikusema utamaliza. Nilisema hutajikwaa.

— Mimi niko na dainamo, — Breki akadakia. — Nageuza baiskeli juu chini chini ya dirisha lako, napiga pedali, stima inaingia.

— Taa yako huzimikanga ukisimama, — Waya alimkumbusha.

— Sasa nisimame kwa nini?

— Kweli. Hata ukitaka huwezi.

Walicheka wote, Jescah naye akajikuta akicheka, kisha akaona aibu. Waya alisogea mbele, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya nchi.

— Kisanduku hakina makosa. Stima yetu nyingine hutoka Uganda. Fikirieni huo mwendo. Mpaka ifike Kakamega, imechoka.

— Na imepungua, — Hukumu alikubali. — Inapita mpakani. Kitu kinapita forodha bila kukatwa ushuru? Volti mia mbili arobaini zinaingia Malaba, kila ofisa anatoa yake.

— Basi tuipitishe Busia, njia ya panya! — alisema Breki. — Mimi kule najulikana. Nafunga kwa keria, nafunika na kitenge.

Kabla haijaamuliwa kitenge cha rangi gani, alifika mtu mwenye kaunda suti ya kaki, ubao wa kuandikia mkononi. Shabani alimsalimu kwa kirefu, naye akaitikia kwa kifupi.

— Naitwa Kipyegon, kampuni ya umeme. Natafuta mtu anaitwa Jescah, anayesambaza umeme bila leseni.

Breki alikumbuka kwamba baiskeli yake ilihitaji kuangaliwa. Hukumu aligundua kitu kwenye sakafu ya kikombe. Jescah alisimama.

— Ni mimi.

Akamweleza yote upya. Kipyegon alisikiliza akiwa amesimama, kalamu juu ya karatasi, bila kuandika.

— Hizo santuri, mko nazo ngapi?

Jescah alifikiri. Mlango ule ulifunguliwa siku ya uzinduzi, watu wakapiga makofi, ukafungwa.

— Hatuna.

— Hata moja?

— Hata moja.

— Sasa hicho chombo kinafanya kazi gani?

Waya alimtazama Hukumu, kwa kuwa swali lilikuwa la kisheria. Hukumu alimtazama Waya, kwa kuwa lilikuwa la kiufundi. Shabani aliinamisha birika, likatoa matone mawili.

— Waya, — alisema Jescah, — nipe bisibisi.

— Na heshima ya chama?

— Mlango utabaki hapo hapo usoni. Nachomoa tu waya wake wa umeme, wa ndani.

Akaingia ofisini. Skrubu za kompyuta zilikuwa nne, na moja ilikuwa na kutu. Alichomoa, akafunga, akawasha. Akaandika majina matatu ya A, akaiamuru mashine ihifadhi, akafumba macho. Diski ilikoroma, ikanyamaza. Alipofumbua, majina yalikuwa yakimtazama. Aliandika la nne, akahifadhi; la tano, akahifadhi tena, bila haja, kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha ufunguo. Ilikuwa saa sita mchana. Majina ya W yalikuwa bado mbali, ila sasa njia ilikuwepo.

Kipyegon alichungulia dirishani.

— Madam, samahani. Fomu nimetumwa nayo, haiwezi kurudi tupu. Hapa wanauliza, kiasi cha umeme kinachosambazwa.

Jescah hakuondoa vidole kwenye vibonyezo.

— Andika, "Wa kututosha wenyewe."

Kipyegon aliandika, akapuliza wino, akamwomba atie sahihi.